Mipira ya Ombwe Katika Injini ya Turbo

Ndani ya injini ya petroli yenye turbo, yaani mtambo mdogo unaotumia nguvu ya moshi wa ekzosi kuzungusha feni inayosukuma hewa kuelekea kwenye silinda, kuna mipira myembamba ambayo kipenyo chake cha ndani mara nyingi ni milimita 4 au 6 tu, na ambayo mwenye gari anaweza kuiona chini ya boneti kwa miaka mingi bila kujua ina kazi gani. Mafundi huiita mipira ya vakyumu, na hali inayoipa jina hilo huitwa ombwe katika vitabu vya fizikia, yaani upungufu wa hewa mahali fulani ukilinganishwa na hewa iliyopo nje. Ndani ya mipira hiyo hamna petroli, oili wala maji, na hata hewa iliyomo haiendi mbali. Kinachopitishwa ni taarifa ya presha, ambayo hutolewa sehemu moja ya injini na kufikishwa kwa kifaa kilicho sehemu nyingine, ili kifaa hicho kifunguke au kijifunge, kiongeze au kipunguze. Mpira ukichomoka, kifaa kilichokuwa kikitegemea taarifa ile huendelea na kazi yake kana kwamba injini imezimwa, ilhali gari liko katikati ya mlima na dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho.

Turbo yenyewe si kitu kipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kwa miongo kadhaa lilitumika zaidi katika meli, treni na ndege, hadi mwaka 1962 zilipoanza kuuzwa nchini Marekani gari mbili za kawaida zenye turbo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Mazungumzo haya yanajikita katika injini moja ya Japani, EJ20 ya Subaru, ambayo toleo lake la turbo lilitoka mwaka 1989 katika Legacy na baadaye likawekwa katika Impreza na Forester, kwa sababu ni injini ambayo fundi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hukutana nayo kila mara, na kwa sababu umbo lake huficha sehemu kubwa ya mipira chini ya intakula, yaani kipoza hewa kilicholala juu ya injini na kupokea upepo kupitia tundu la boneti.

Mpira unaostahili kutajwa kabla ya mingine ni ule unaokwenda kwenye westigeti. Westigeti ni mlango mdogo ulio upande wa ekzosi wa turbo, ambao ukifunguka huruhusu sehemu ya moshi kupita pembeni bila kuzungusha turbo, na hivyo kuzuia presha ya hewa inayoingia kwenye injini isipande kupita kiasi. Mlango huo husukumwa na aktueta, kijikopo chenye utando na springi ndani yake. Hewa iliyosukumwa na turbo hupitia kwenye mpira mwembamba, ikaubonyeza utando, na presha ikifika kiwango kilichopangwa springi hushindwa na mlango hufunguka. Katikati ya njia hiyo kuna mgawanyiko wenye umbo la herufi T, ambapo tawi moja huelekea kwenye aktueta na tawi jingine kwenye solenoidi, valvu ya umeme ambayo kompyuta ya injini huifungua na kuifunga mara nyingi kwa sekunde ili kumwaga sehemu ya ile hewa, aktueta isione presha yote iliyopo. Kwa udanganyifu huo wa makusudi, kompyuta huweza kuipandisha presha ya turbo juu ya kile ambacho springi peke yake ingeruhusu.

Kutokana na mpangilio huo, mpira wa westigeti ukichomoka, au ukipasuka mahali popote kati ya turbo, mgawanyiko na aktueta, matokeo yake ni kinyume cha vile mtu angedhani. Gari halipungui nguvu, linaongezeka. Aktueta isiyopata presha huuacha mlango umefungwa, moshi wote hupita kwenye turbo, na presha hupanda bila kizuizi hadi kompyuta itambue kwamba mpaka umevukwa na kukata petroli ghafla, jambo ambalo dereva hulisikia kama pigo la mtu aliyekanyaga breki. Baadhi ya vijana hulifurahia gari lililo katika hali hiyo wakidhani limeamka, na fundi asiye makini huridhika nao.

Katika mpira huohuo wa Subaru hufichwa kijipande cha shaba njano chenye tundu dogo sana, ambacho hupunguza kasi ya hewa inayotoka kwenye turbo ili ile solenoidi iweze kuimwaga kwa kipimo kinachotakiwa. Kijipande hicho hakionekani kwa nje, kwa kuwa kimo ndani ya mpira, na hutambulika kwa kuuminya mpira kwa vidole mpaka uguse kitu kigumu. Fundi anayeutupa mpira mkongwe na kuweka mpya bila kukihamisha huwa amefunga kazi safi kwa macho, lakini solenoidi haiwezi tena kumwaga hewa kwa kasi inayoingia, aktueta huona karibu presha yote, mlango hufunguka mapema, na gari hurudi kwa mwenyewe likiwa dhaifu kuliko lilivyoletwa. Kasoro ya namna hiyo huweza kumfanya mwenye gari anunue turbo nyingine, na hiyo ya pili nayo ikawa dhaifu vilevile, kwa kuwa kosa lilikuwa limo katika kipande cha milimita chache kilichotupwa pamoja na taka za gereji.

Mpira wa pili kwa uzito ni ule wa kidhibiti presha ya petroli, kifaa kinachohakikisha kwamba tofauti kati ya presha ya petroli iliyo nyuma ya injekta na presha ya hewa iliyo mbele yake haibadiliki. Tuseme tofauti hiyo imewekwa kuwa bar 3, ambapo bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida usawa wa bahari. Turbo inaposukuma hewa kwa bar 0.8, kidhibiti hupokea taarifa hiyo kupitia mpira wake na kuipandisha petroli hadi bar 3.8, ili injekta iendelee kumimina kipimo kilekile. Mpira ukiwa umechomoka, petroli hubaki kwenye bar 3 ilhali hewa iliyo mbele yake ina bar 0.8, kwa hiyo kinachobaki cha kuisukuma ni bar 2.2, na kwa kuwa wingi wa kinachopita hufuata kipeuo cha pili cha presha, injekta humimina pungufu ya takriban asilimia 14. Upungufu huo huja wakati uleule ambao injini inahitaji petroli nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Mchanganyiko wenye petroli haba na joto kali hulipuka wenyewe mahali pasipopangwa kabla moto wa plagi haujaufikia, na milipuko hiyo ikijirudia huzipasua kingo za pistoni zinazobeba ringi. Ni vigumu kutaja sehemu nyingine ya gari ambayo bei yake ni ndogo kiasi hicho na ambayo inaweza kuiua injini kwa haraka namna hiyo.

Mipira hii hutofautiana na ile ya injini isiyo na turbo kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba inafanya kazi katika pande mbili zinazopingana. Injini inapozunguka taratibu gari likiwa limesimama, pistoni huvuta hewa ilhali throto, yaani mlango unaofunguliwa na pedeli ya mafuta, umekaribia kufungwa, na kwa sababu hiyo presha ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa hushuka hadi kilopaskali 35 hivi, ikilinganishwa na kilopaskali 101 za hewa ya nje usawa wa bahari. Mpira uliounganishwa hapo hunyonywa, na unyonyaji huo wenyewe huushikilia mahali pake. Dereva akikanyaga mafuta na turbo ikaanza kusukuma, presha ndani ya manifoldi hupita ile ya nje, na mpira uleule uliokuwa ukinyonywa huanza kusukumwa utoke. Ndiyo maana mpira ambao katika injini ya kawaida ungekaa miaka 15 bila klipu yoyote, katika injini ya turbo huweza kuchomoka mara ya kwanza gari linapopandishwa mlima wa Kitonga likiwa na mzigo.

Hata hivyo, nguvu inayousukuma mpira mwembamba ni ndogo kuliko inavyofikiriwa. Presha ya bar 0.9 ikiwa katika kijibomba chenye kipenyo cha milimita 4 husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 115 hivi, na katika kijibomba cha milimita 10 kwa gramu 700 hivi, wakati ule mpira mpana wa kipenyo cha milimita 60 unaounganisha turbo na intakula husukumwa kwa nguvu inayolingana na kilo 26. Mpira mpana hauna budi kuwa na klipu imara, na hakuna mjadala juu yake. Mpira mwembamba, kwa upande mwingine, haupaswi kushindwa na gramu 115, na ukiona umeshindwa basi chanzo si udogo wa klipu, bali ni kwamba mpira wenyewe umekuwa mgumu, au umelowa oili, au tangu mwanzo haukuwa wa kipimo chake. Kukaza zaidi mpira wa namna hiyo ni kuahirisha tatizo, na mara nyingi ni kulizidisha.

Mpira huzeeka kwa joto, kwa oili na kwa ozoni, yaani aina ya oksijeni iliyopo hewani ambayo hushambulia mpira uliokunjwa na kuuchora nyufa ndogo kwenye kona. Nchini Kenya sheria hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kwa kuwa waagizaji hutafuta bei nafuu, magari mengi hufika bandarini Mombasa yakiwa yamekaribia kikomo hicho, pamoja na mipira yenye umri uleule. Mteja hukagua rangi, viti, tairi na namba ya kilomita. Mipira ya ombwe haimo katika ukaguzi wake, ingawa imekaa miaka yote hiyo jirani na turbo ambayo upande wake wa ekzosi hupita nyuzijoto 800 za selsiasi injini inapofanya kazi nzito. Joto baya zaidi kwa mipira si lile la mwendoni, wakati upepo unapita, bali ni lile la dakika chache baada ya gari kuegeshwa, ambapo hewa imetulia chini ya boneti na chuma kilichoiva kinaendelea kumimina joto lake juu ya kila kilicho karibu.

Uchaguzi wa mpira mpya hutegemea mahali unapokwenda. Mpira wa aina ya EPDM, unaotumiwa sana na viwanda, huvumilia joto na ozoni lakini huvimba na kulegea ukiguswa na oili. Mpira wa naitraili huvumilia oili na petroli lakini huchakaa upesi kwa joto kali. Silikoni huvumilia joto kuliko hizo mbili, na hubaki laini hata baada ya miaka, lakini haipendi mvuke wa petroli wala oili, na huchanika kwa urahisi ikikwaruzwa na ncha ya chuma. Kwa hiyo mipira ya silikoni ya rangi ya buluu au nyekundu ambayo imekuwa pambo la injini za vijana wa mijini inafaa sana kwa njia ya westigeti na ya geji, lakini haifai kwa njia ya kupumulia ya injini, ambako hupita ukungu wa oili kutoka chini kwenye krenki, na ile yenye ukuta mwembamba haifai kwa busta ya breki, kwa kuwa unyonyaji huweza kuuminya mpira hadi pande zake mbili zikagusana. Rangi haina uhusiano wowote na ubora.

Kipimo kina umuhimu kuliko aina. Kijibomba ambacho mpira huvalishwa huwa na nundu, yaani mwinuko wa mviringo karibu na ncha yake, na mpira unaofaa ni ule ambao kipenyo chake cha ndani ni kidogo kidogo kuliko kijibomba chenyewe, ili utanuke unapopita juu ya nundu na kujibana nyuma yake. Mpira wa milimita 6 juu ya kijibomba cha milimita 5 hauwezi kuokolewa na klipu yoyote, kwa sababu klipu ikikazwa huufanya mpira ujikunje upande mmoja na kuacha mfereji ambao hewa hupita. Vivyo hivyo klipu huwekwa nyuma ya nundu, kati yake na mwanzo wa kijibomba, wala haiwekwi juu ya nundu yenyewe, ambako huteleza kuelekea nje kwa kila mtikisiko wa injini.

Klipu ya springi, ile inayobanwa kwa koleo ili ipanuke, ndiyo ambayo watengenezaji wengi wa Japani huichagua kwa mipira midogo, na uchaguzi huo una sababu. Mpira ukipata joto hutanuka na klipu hutanuka nao. Mpira ukikauka na kupungua unene, klipu huufuata kwa kubana zaidi. Klipu ya skrubu, ambayo Mwingereza Lumley Robinson aliibuni mwaka 1921 na kuiuza kwa jina la Jubilee, haina uwezo huo, kwani hubaki pale bisibisi ilipoiacha. Zaidi ya hayo, katika kipenyo kidogo ukanda wake hauwezi kuwa mviringo kamili, na zile nafasi zilizokatwa kwa ajili ya skrubu huutafuna mpira. Ni klipu nzuri kwa mpira wa intakula na ni klipu mbaya kwa mpira wa westigeti. Fundi anayezitupa klipu za springi na kuweka za skrubu kila mahali kwa kudhani anaimarisha, anaharibu kazi iliyofikiriwa vizuri kuliko yake. Hatari ni kubwa zaidi kwenye solenoidi, ambayo vijibomba vyake ni vya plastiki iliyokwisha kuchomwa na joto la miaka, na ambavyo huvunjika kwa mzunguko mmoja wa ziada wa bisibisi.

Ukanda wa plastiki wenye meno, ule wa kufungia nyaya, hutumika sana kwa mipira hii, na si haki kuulaani moja kwa moja. Ulibuniwa mwaka 1958 na kampuni ya Marekani ya Thomas & Betts kwa ajili ya kufunga nyaya za ndege, na katika mpira mwembamba wa kipimo sahihi, ulio mbali na turbo, hutosha, hasa ukizingatiwa udogo wa ile nguvu iliyotajwa. Udhaifu wake ni kwamba hauzungushi mkazo sawasawa, kwa kuwa kichwa chake huacha sehemu ndogo isiyobanwa, na kwamba naironi ya kawaida hukadiriwa kuhimili takriban nyuzijoto 85 kwa kazi ya kudumu. Ikizidi hapo kwa muda mrefu hukauka na kukatika bila kutoa dalili. Iko naironi iliyoandaliwa kwa joto zaidi, lakini ile inayouzwa kwa pakiti kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa kawaida siyo hiyo. Waya wa kufungia nondo hukata mpira na haufai. Kamba iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya tairi, ambayo imewafikisha wasafiri wengi majumbani, inafaa kwa kazi hiyo ya kufika nyumbani na si zaidi, kwa sababu huvutika kila joto linapopanda. Gundi na silikoni ya kuzibia ni mbaya kuliko vyote, kwa kuwa vipande vyake hukauka ndani ya mpira, vikaja kubanduka na kuziba kile kijitundu cha shaba njano.

Katika kuvua mpira mkongwe, kosa la kawaida ni kuuvuta kwa koleo, ambako huishia kwa kijibomba kuvunjika. Mpira usiokubali kuzungushwa kwa vidole hukatwa kwa wembe kwa urefu, kwa uangalifu wa kutouchora mwili wa kijibomba, kwa sababu mchoro mmoja wa wembe juu ya plastiki ni njia ya hewa itakayodumu. Mpira mpya hukatwa kwa wembe mkali, si kwa mkasi unaouminya, na mkato uwe sawa na pembe mraba. Ili uvalike kwa urahisi hutumika maji au maji yenye sabuni kidogo, ambayo hukauka na kuuacha mpira umeng'ang'ania. Oili na grisi huurahisisha kuingia na huurahisisha vilevile kutoka. Urefu wake uruhusu injini kutikisika juu ya mipira yake ya kukalia, kwani injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala pande mbili zikitazamana, hujizungusha kidogo kila gia inapotiwa, na mpira uliokatwa kwa ubahili hunyooka na kujivua. Urefu uliozidi nao una kasoro yake, hasa kwenye westigeti, kwa kuwa mpira mrefu una hewa zaidi ya kujazwa na taarifa hufika kwa kuchelewa.

Kuhusu utambuzi wa mpira unaovuja, kuna jambo ambalo huwapoteza mafundi wengi, nalo ni kwamba tundu moja hutoa dalili mbili zinazopingana. Injini nyingi za EJ20 hutumia kipima hewa, kifaa kilicho karibu na chujio la hewa ambacho huiambia kompyuta ni hewa kiasi gani imeingia. Gari likiwa limesimama, hewa inayonyonywa kupitia tundu lililo baada ya kipima hewa haikuhesabiwa, kwa hiyo petroli huwa haba, injini hupanda na kushuka yenyewe, na wakati mwingine humisi. Turbo ikianza kusukuma, mambo hugeuka: hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoroka kupitia tundu lilelile, kompyuta humimina petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena, moshi hugeuka mweusi na plagi hujaa masizi. Fundi aliyeona plagi zenye masizi huilaumu injekta, na fundi aliyesikia injini ikipanda na kushuka huilaumu throto. Mteja hulipia vyote viwili. Dalili hizo zikionekana pamoja katika gari moja, haipasi kununuliwa kifaa chochote kabla mipira haijakaguliwa.

Geji ya ombwe, ambayo hupima unyonyaji wa manifoldi kwa inchi za zebaki, ni msaada mkubwa ikisomwa kwa kuzingatia mahali. Injini nzima ikizunguka taratibu Mombasa huweza kuonyesha inchi 19 hivi, lakini injini hiyohiyo ikipandishwa hadi Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na ambako hewa ya nje imeshuka hadi kilopaskali 82 au karibu na hapo, huonyesha kama inchi 14 bila kuwa na kasoro yoyote, kwa kuwa kipimo hicho ni tofauti kati ya nje na ndani, na nje imepungua. Majedwali ya vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare huwafanya mafundi wa nyanda za juu watafute uvujaji ambao haupo.

Njia iliyo bora ya kutafuta tundu ni kuziba mdomo wa bomba linaloingia kwenye turbo, baada ya kipima hewa, na kuingiza hewa ya kompresa taratibu hadi bar 0.7 hivi injini ikiwa imezimwa, kisha kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kutazama mapovu. Njia za kupumulia za injini huzibwa kwanza, la sivyo presha hushuka hadi kwenye krenki na kuzisukuma sili zake za oili zitoke. Mashine ya moshi, ambayo hupuliza moshi kwa presha ndogo sana, huonyesha hata nyufa ambazo sabuni haizifikii chini ya intakula. Ile desturi ya kupuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira huku injini ikinguruma, ili kusikiliza kama mngurumo utabadilika, imeenea kwa sababu haina gharama, lakini katika injini ambayo turbo yake ina joto la mamia ya nyuzi ni njia ya kuwasha moto.

Injini za dizeli zina mantiki nyingine. Nyingi hazina throto ya kuzuia hewa, kwa hiyo manifoldi zake hazitoi ombwe la kutosha, na badala yake huwekwa pampu ya ombwe, mara nyingi nyuma ya altaneta. Katika baadhi ya turbo za dizeli ombwe hilo hutumika kugeuza mabawa madogo yaliyo ndani ya upande wa ekzosi, na hapo mpira ukichomoka mabawa hubaki wazi, turbo haisukumi, na gari hupanda mlima likitoa moshi mweusi bila nguvu. Kasoro ni ileile na dalili ni kinyume cha ile ya westigeti, na fundi aliyezoea aina moja ya injini hana budi kulikumbuka hilo anapofungua boneti ya nyingine.

Mpira wa busta ya breki, ulio mnene kuliko mingine yote ya ombwe, hukaguliwa peke yake na kwa uzito wake. Busta ni lile sufuria jeusi lililo nyuma ya pampu ya breki, ambalo hutumia ombwe la injini kumpunguzia dereva nguvu ya kukanyaga. Katika injini ya turbo mpira wake hauna budi kuwa na valvu ya njia moja, ambayo huruhusu hewa kutoka kwenye busta kwenda kwenye manifoldi na kuizuia isirudi, kwa sababu bila valvu hiyo presha ya turbo ingeingia kwenye busta na dereva angekuta breki ngumu pale anapoachia mafuta baada ya mwendo wa kasi. Valvu hiyo huwa na mshale, na mshale huelekezwa upande wa injini. Mpira ukishafungwa, injini huwashwa kwa dakika moja, huzimwa, na pedeli hukanyagwa baada ya muda mfupi: mkanyago wa kwanza na wa pili ukiwa laini, valvu inashikilia, ukiwa mgumu tangu mwanzo, gari halitoki kwenye gereji.